Mikorosho Yangu ya Madimba

Kwa mama, Pangani.

Shikamoo mama. Mgongo umekuachia? Mbuzi wameacha kula makuti ya jirani? Mimi mzima, nakula nalala, ila nyayo zinaniwasha vilevile kama ulivyonizaa.

Mama, barua yako imenipa neno zito: "Umelowea huko." Nilicheka, halafu nikaacha. Maana wiki hiyohiyo hapa Madimba nimeitwa mlowezi mchana kweupe.

Ilikuwa hivi. Katika vijiji ninavyopita na baiskeli kuuza samaki wakavu, bibi mmoja, Bi Somoe, aliniazima kipande cha shamba nipande muhogo. Nikapanda. Nikaona kuna nafasi imekaa bure, na unanijua, nafasi ikikaa bure mimi naumwa kichwa. Nikachomeka na korosho katikati. Zikaota vizuri! Bi Somoe akaja na jembe begani.

"We mwana wa watu, nani kakwambia upande miti?"

"Mikorosho tu, bibi. Nitakugawia."

"Utanigawia changu! Muhogo unang'olewa, mgeni anakwenda zake. Mkorosho unabaki na wajukuu zako. Huku mgeni hapandi mti. Mlowezi we!"

Mimi nilidhani walowezi ni wale Wareno wa redioni tu, waliokalia ardhi za watu. Jirani yangu Joakimu, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na watoto wake kuwakimbia haohao, akanitoa ujinga. Anasema neno limetoka kwenye kulowea, na kulowea si dhambi: mtu kahamia mahali, kapazoea mpaka pamekuwa kwake.

"Hata mimi huenda nikalowea hapa," akasema. "Wale walilowea bila kuomba. Ndipo neno lilipooza."

Basi nikaenda kuomba. Bi Somoe akanisikiliza huku anamenya muhogo.

"Ng'oa, ubaki mgeni wangu kama zamani. Au iache, lakini aje mtu wa kwenu tuzungumze. Sitoi ardhi kwa mtu asiye na kwao."

Mama, ningekuwa yule wa zamani ningeshang'oa nikapanda baiskeli. Nimepita mashamba ya mkonge, Kilwa, Lindi, na kote sikuacha hata shina la mchicha. Sasa kila asubuhi naenda shambani, nainama ning'oe, nainuka mikono mitupu, naenda kuuza samaki. Bi Somoe ananicheka: "Leo nayo umeshindwa?" Kanipa mpaka mvua zianze.

Mtume kaka Mbwana. Asije kunirudisha. Aje aseme tu: huyu wetu, tunamjua, mama yake yupo. Bila ninyi silowei popote, mama, nitazunguka tu.

Nisalimie dada Zaina na shemeji fundi cherehani. Mjomba msuka mikeka mwambie ukindu wa huku mzuri, aje naye akipenda. Shangazi wa vitumbua mpe shikamoo yangu, na njaa yangu pia.

Ni mimi mwanao, ambaye mpaka leo asubuhi hajang'oa,

Athumani