Herufi Moja Chini ya Jina Lako

Pototan, Iloilo
12 Machi 2018

Mpendwa mwanangu Jocelle,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Dublin, na mgongo wako unaendeleaje na zile zamu za wodini? Mimi ni mzima, ila goti la kulia limekuwa kaidi. Kanisani nasimama wenzangu wakiwa wamepiga magoti.

Kaka yako Arnel hajambo. Majogoo wake wa kupiganisha wanakula vizuri kuliko wanawe.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha. Jumanne iliyopita mwanangu Rodel aliniletea barua ya Kiingereza iliyopigwa chapa, chini ina sahihi yako. Inasema wewe na Arnel mmekubali kuuza nyumba ya marehemu mama yenu, dada yangu, na kwamba Rodel ashughulikie kila kitu. Mnunuzi anakuja Ijumaa ya tarehe 23.

"Mbona hakunipigia mwenyewe?" nikamuuliza.

"Yuko zamu, Mama. We naye, kila kitu lazima ukitilie shaka."

Shaka nilikuwa nayo hata kabla sijavaa miwani. Nilipoivaa nikasoma: "My brother and I agrees." Nikarudia mara tatu. Jocelle, wewe nilikufundisha mwenyewe darasa la tano. Kaka na mimi ni watu wawili, na kiima kikiwa cha wingi, kitenzi cha Kiingereza kinavua ile s. Mmoja "agrees", wawili "agree". Ulikuwa ukiwasahihisha wenzako mpaka wakakuchukia. Huwezi kuandika vile hata ukiwa na homa.

Nilimshuku Arnel, nakiri. Basi nikajifanya macho yamechoka. Nikamwomba kila mmoja, yeye na Rodel, kwa wakati wake aniandikie kadi ya Kiingereza kwa padri anayeumwa, kwamba mimi na rafiki yangu Fely tunamwombea. Nilisema kwa lugha yetu, ambayo kitenzi chake hakijali waliotenda ni wangapi, kwa hiyo hakuna aliyepata cha kunakili.

Arnel hakuweka s popote, hata kwenye sentensi inayonitaja mimi peke yangu kama mama yake mdogo, ambako ilihitajika. Huyo ameikimbia herufi hiyo tangu utotoni. Nilipombana kuhusu nyumba alishangaa.

"Mama mdogo, mi nimesaini kwa sababu Rodel kaniambia Jocelle kashakubali. Ningembishia nani?"

Rodel aliandika haraka, huku akiuliza kama kuna kahawa. "My mother and Fely prays." Anadhani s ni ya wingi, kama inavyokuwa kwenye majina ya vitu. Niliiweka kadi kando ya barua nikaketi. Kahawa sikumpikia.

Simu yangu, yenye namba yako mpya ambayo Arnel hana, anayo yeye, anasema iko kwa fundi, wiki ya pili sasa. Ndiyo maana barua hii inakuja mkononi mwa binti wa Fely, anayesafiri kuja huko kesho. Ukiipata, mpigie Arnel siku hiyohiyo. Usitie sahihi karatasi yoyote, na ile uliyosingiziwa ikane kwa maandishi.

Naona aibu, mwanangu. Miaka thelathini na nne nimefundisha watoto wa mji huu. Jioni nilikuwa nasahihisha madaftari yenu, na Rodel akinijia na lake namwambia asubiri. Akasubiri mpaka akaacha kuja. Simtetei. Nampenda, na alichokufanyia ni wizi. Ukiamua kumshtaki, niite mimi. Nitasimama mbele ya hakimu nieleze ile s ni ya nani.

Msalimie mumeo Declan na umbusu mtoto. Arnel na Fely wanakusalimu sana. Mungu akulinde na wageni, na zaidi akulinde nasi wa damu yako.

Akupendaye bila kupungua,
Mama yako mdogo,
Pacita

Salamu za Rodel sina. Hajui kwamba nakuandikia, lakini leo ameniuliza mara mbili iliko ile kadi.