Usiguse Rangi Nyeusi ya Nywele

Mama Jovithe,

Ile rangi nyeusi uliyonunua kwa ajili ya Jumamosi, usijipake. Itupe chooni. Kitana pia kioshe kwa sabuni, mi nimekitumia.

Jana ulisema wakwe wakiona mvi zangu watauliza kwa nini babu wa bibi arusi ndiye anapokea mahari. Mkacheka, wewe na bibi arusi mwenyewe, Jovithe. Basi leo ulipokwenda sokoni nikajipaka hina yako. Nywele zikatoka nyekundu kama tofali. Nikaona aibu, nikapaka ile nyeusi juu yake. Kichwa kikawaka moto. Sasa uso umevimba, jicho moja limejifunga, na koo linaanza kubana. Ninaogopa, Geneviève.

Jirani yetu Gélase ananipeleka disipanseri nikatibiwe, kwa velo yake, mi nyuma kwenye keria. Maharage nimeyatoa motoni, hayajaiva. ~~Waambie wakwe wasije.~~ Apana, waje. Nisipokuwepo, mdogo wangu Révérien akae kwenye kiti changu.

Ukisoma hii, njoo upesi. Jovithe abaki nyumbani, asinione. ~~Uniletee kofia.~~ Ukifika mlangoni uliza jina langu, maana kwa uso hutanijua.

Baba Jovithe