Kibao cha Akinyi

Kisumu, Jumanne, Machi 1931

Sijamlaumu Zakayo. Nitamlaumuje? Mimi ndiye niliyemfundisha yeye na walimu wenzake wapya kwamba mtoto akisema lugha ya nyumbani darasani avikwe kibao shingoni, wala asisikilizwe mpaka aseme Kiswahili.

Asubuhi Akinyi, mwanafunzi wa Zakayo, alikuja mbio darasani, akamwambia jambo kwa Kijaluo. Zakayo ni mtu wa Maragoli, hakijui. Akamvika kibao, akamkalisha nyuma. Mtoto akanyamaza mpaka saa sita, nilipopita nikamwuliza kwa lugha yetu ana nini.

Alikuwa ametumwa amwombee ruhusa kaka yake, aliye darasani kwangu. Mama yao alikuwa anakata roho na alitaka kumwona.

Tulikimbia sote. Tulisikia vilio kabla hatujafika.

Kibao kile nilikichonga mwenyewe, nikakipiga msasa kisiwachome watoto. Nikajiona mtu mwema.

Akinyi alikuwa bado amekivaa. Baba yake alimvua, akakipangusa kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mali ya shule hii, Mwalimu."

Mimi ni Mjaluo kama yeye. Lakini alisema nami kwa Kiswahili.