Bondi Tatu za G na C

Jumatatu, 28 Aprili
Nane kwa ishirini! Mimi! Swali la mwisho la baiolojia lina alama kumi, nimepata sifuri. Liliuliza kwa nini DNA nyingine inataka joto kali zaidi ili nyuzi zake mbili ziachane. Nikaandika: besi A na T zinashikana kwa bondi mbili za hidrojeni, G na C kwa tatu. Penye G na C nyingi, kuachana ni kazi. Mwalimu Polikarp kapiga mstari mwekundu juu ya jibu lote. Kwenye notsi zake ni kinyume — A na T ndizo tatu. Notsi zenyewe zimechakaa mpaka zina rangi ya chai.
Avelina tunakaa dawati moja. Alijibu kama mimi, kisha akafuta, akaandika ya mwalimu. Kapata kumi na nane. Eti nijifunze kuishi na watu. Sitaki!

Jumanne, 29 Aprili
Nimeazima kitabu maktaba. Nikamfungulia mwalimu ukurasa mbele ya darasa. Hakuutazama hata. Kasema baiolojia sasa imehamia zizini, wachunga ng'ombe ndio wanamfundisha yeye. Darasa zima kicheko. Avelina naye!
Masikio yakawaka moto. Nikasema, "Mwalimu, hujui unachofundisha."
Hata mimi niliogopa.
Mkuu wa shule kataka mzazi Ijumaa. Asipokuja, nifungashe virago.

Jumatano, 30 Aprili
Sijala. Watu arobaini darasani, hakuna hata mmoja aliyefungua kile kitabu. Arobaini!

Ijumaa, 2 Mei
Baba kapanda kutoka Milepa kwa bodaboda. Kule bondeni joto, huku Sumbawanga baridi — mzee wa watu anatetemeka ndani ya koti. Mkuu kampa shikamoo. Polikarp kaangalia dirishani.
Mkuu anataka barua: nimemtukana mwalimu, na jibu langu la bondi lilikuwa kosa. Baba hajui kusoma. Kaniuliza kwa Kisukuma, ulimtukana? Ndiyo. Na hizo bondi ni ngapi?
"Tatu, baba."
Kamgeukia mkuu. "Matusi ataomba radhi, hilo hata mimi namdai. Lakini uongo hataandika. Sikuuza ndama aje kujifunza uongo."
Mkuu kanitoa nje, nikae kwenye benchi niandike. Baba kabaki ndani.
Na baba naye nina hasira naye! Niombe radhi ya nini? Zizi lililotukanwa ni lake! Nimeandika mstari mmoja tu, kalamu imetoboa karatasi. "Naomba radhi kwa kukujibu vibaya mbele ya darasa." Basi. Wa pili, wa kulikana jibu langu, siandiki. Naandika humu badala yake.
Polikarp katoka. Kakaa mwisho wa benchi, kitabu cha maktaba magotini. Kakipata wapi? Labda kapewa na mkuu. Najifanya naandika barua. Anasoma. Anarudia ukurasa ule ule. Kafunika uso kwa kiganja.
Sasa kauliza, taratibu, bila kunitazama: Kidato cha Sita mtihani wao wa taifa wa baiolojia ni wiki ijayo, siyo?
"Ndiyo, mwalimu."
"Nimewafundisha kwa notsi hizi hizi."
Hajainuka. Sauti ya baba inasikika ndani, inapanda. Mkuu anamwita Polikarp kwa jina, mara ya pili sasa, naye haitiki —