Hakuna Aliyesema Amina

Jumatano, 8 Oktoba 2008

Viazi tena. Watoto hawakula, tumemwaga nusu sufuria. Mkuu wa jiko la shule katangaza kesho viazi.

Jioni zamu yangu ya kufua. Katika jengo letu hapa Rissne, kwa Waswidi, kufua ni kwa zamu, ukiikosa utanuka juma zima. Chumba cha kufulia kiko chini ya ardhi, ubavuni mwa handaki la kujificha mabomu. Mabomu hayajaja, kwa hiyo Lasse wa ghorofa ya pili kaweka ngoma zake humo. Mstaafu, ndevu nyeupe. Tangu nihamie tunasalimiana "hej" kwenye ngazi na kuishia hapo. Leo alikuwa na wenzake. Kitu kinanguruma kama friji la shule, kitu kingine kinalia juu yake, ngoma haziishi. Wimbo sikuusikia, wala kiitikio. Nguo zimekauka, wao wanaendelea. Nimekaa pale na beseni langu bila sababu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Lasse kaja kuomba radhi kwa kelele. Hajawahi kunipa maneno mengi hivyo. Wenzake ni bendi kutoka Australia, watu watatu, wamelala sakafuni kwake juma zima. Hawana kampuni. Wanarekodi wenyewe, wanatengeneza CD wenyewe, wanazituma kwa posta. Na hawafanyi mazoezi, wala hawapatani chochote kabla. Mmoja anaanza, wengine wanaingia, mashine inarekodi mpaka mikono ichoke. Baadaye ndipo wanachagua cha kubakiza. Lasse anauita muziki wa anga za juu, wa kusafiri umekaa.

Nikamwambia nilikuwa napiga gitaa kanisani. Sijui kwa nini nilisema. Mwanamke wa kinanda, Tessa, akachungulia mlangoni: kesho nije nalo.

Gitaa lilikuwa chini ya kitanda tangu nilipotoka kwaya ya Jakobsberg. Sikufukuzwa. Mchungaji Nestor alimleta kijana wa kinanda, kinanda kikapewa spika kubwa, mimi nikasogezwa kwenye kona ya makoti. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikatoka. Tangu hapo sijapiga na mtu. Nampigia ukuta, na ukuta si mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepiga.

Hawakuniambia kitu, hata noti ya kuanzia. Tessa alibonyeza moja akaiacha ielee. Halafu nikaona kumbe kazi hii naijua. Kwetu Uvira mchungaji akiomba, gitaa halinyamazi. Unapiga polepole chini ya sauti yake. Hujui ataomba dakika tano au nusu saa, unafuata pumzi tu. Akipanda unapanda naye, akilia unashuka. Huachi mpaka aseme amina. Basi nikafumba macho, kama nifumbavyo siku zote, nikaingia chini ya kile kinanda.

Sijui tulikwenda muda gani. Ngoma zikapungua, zikaisha. Kinanda kikaisha. Hakuna aliyesema amina. Nikaendelea. Kulikuwa na ule ukimya mzito wa watu wanaosikiliza, nami nikawapigia vyote nilivyonavyo, mpaka vijiwimbo alivyoimba mama akitwanga sombe, majani ya muhogo. Sijawahi kusikilizwa namna ile.

Nilipofumbua macho walikuwa wote wamesimama ukutani. Tessa alikuwa analia. Wawili walikuwa na makoti mwilini, handaki lina baridi.

Jumapili, 12 Oktoba

Vidole vimechubuka. Wameondoka asubuhi. Tessa anasema kiangazi watarudi, watazunguka na Lasse kutoka Göteborg mpaka Oslo, na mimi niwe nao. Nimemwomba Lasse anitafsirie tena kwa Kiswidi, nihakikishe. Ni hivyo hivyo. Nina furaha ya kijinga. Nimemsalimia dereva wa basi, akashtuka.

Jumanne, 25 Novemba

Mchungaji Nestor kapiga simu. Yule kijana wa kinanda kahamia Malmö, kanisa halina mpigaji. Alikuwa mpole, akaniita ndugu yangu, akauliza habari za kazi. Ya kona ya makoti hakuyagusa. Nikamwambia siwezi, nina bendi.

Baada ya kukata simu nikasema tena kwa sauti, peke yangu chumbani: nina bendi. Linakaa vizuri mdomoni.

Jumapili, 21 Desemba

Giza saa tisa mchana. Kanisani sikwenda. Nimesonga bugali wa mtu mmoja, haunogi. Nimeshuka kutazama sanduku la barua ingawa Jumapili hakuna posta.

Mpweke. Naandika hapa kwa kuwa kwenye simu nawaambia watu niko salama.

Alhamisi, 15 Januari 2009

Nestor tena. Nimemjibu vibaya. Nimesema mimi si kiraka cha kuzibia tundu la mtu aliyehama. Akasema sawa, akaniombea palepale kwenye simu. Maombi mafupi, makavu. Nilipokata nilijisikia shujaa, kisha vibaya, kisha njaa.

Lasse anasema CD zimekamilika, sasa wanakunja majalada kwa mkono. Kila nikikutana naye kwenye ngazi namuuliza. Nadhani ameanza kupanda lifti.

Jumatatu, 9 Februari

Imekuja. Jalada la karatasi ngumu lenye muhuri wa nyota. Jina langu lipo, na la ukoo, herufi zote sahihi. Vipande ni vinne, havina majina, vina namba tu. Nimevua koti, nimekaa, nimesikiliza kwa utaratibu kama mtu mwenye adabu.

Katika cha tatu nimo. Niko chini ya kinanda kabisa, pale nilipopataka. Nikatabasamu peke yangu.

Cha nne kinaanza pale ngoma zinapoisha. Kiti kinasogezwa. Mtu anakohoa. Zipu ya koti. Mlango wa chuma unafunguka, mashine ya kufulia inasikika ikizunguka, hatua, hatua nyingi, mtu anacheka, mlango unafungwa. Na gitaa langu linaendelea. Linaendelea mno. Hakuna hata pumzi ya mtu. Ule ukimya niliodhani unanisikiliza ulikuwa chumba kitupu. Karibu na mwisho mlango tena, hatua za kunyata, basi.

Nimezima. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumanne, 10 Februari

Lasse kagonga mlango, mara ya kwanza tangu Oktoba. Uso umemchangamka. Anasema hicho cha nne ndicho kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kurekodi. Hakuficha neno. Walidhani nimemaliza, nachezea tu nyuzi, wakatoka kuvuta sigara. Waliporudi kuzima mashine wakanikuta. Kwake ni kisa kitamu, na alitaka nicheke naye. Nilicheka.

Akanisomea barua ya Tessa. Waliokwisha kuisikia wanaupenda mno ule mlango, na jinsi gitaa linavyobaki. Safari ya kiangazi haipo tena, mpiga besi kapata mtoto. Ila wanataka nyingine kama ile, nirekodi huku niwatumie. Niwe peke yangu, anasisitiza. Peke yangu.

Sina wa kumlaumu. Hawakunidanganya, na kile kitu ni kizuri, hata mimi nakisikia. Lakini nilikwenda kule chini kutafuta watu. Nimeumia sana. Sitajibu.

Jumatano, 18 Februari

Viazi vya kuoka. Maendeleo.

Nimempigia Mchungaji Nestor. Kiburi nimekimeza na hakikushuka vizuri. Nimemuuliza kama nafasi ipo. Akasema ipo, nije Jumapili ya kwanza ya mwezi, na nibebe waya wangu wa gitaa, wa kanisa umeliwa na panya. Ya kiraka hakuyataja.

Jumapili, 1 Machi

Jakobsberg. Ukumbi ni uleule wa kukodi, harufu ya kahawa ya Waswidi waliotutangulia. Mama Solange, kiongozi wa kwaya, kanishika mikono yote miwili, kasema nimekonda. Nimewekwa palepale kwenye kona ya makoti. Sikununa. Ukweli nilinuna kidogo.

Nyimbo zimekwenda. Vidole vimekumbuka. Mwishoni Nestor akainua mikono kuomba, nami nikaingia chini ya sauti yake. Zamani nilikuwa nafumba. Leo macho yamekataa.

Akaanza na wagonjwa. Baba mmoja akaja kwa kunyata, akavuta koti lake karibu na bega langu. Akaomba kwa ajili ya wasio na karatasi za ukaazi. Mama Solange akamvalisha mjukuu buti. Akaomba kwa ajili ya Bujumbura, akaomba kwa ajili ya Kivu, na huku familia moja baada ya nyingine zinakuja kwenye kona yangu, zinachukua makoti, zinatoka. Jumapili treni ni chache, ikikupita utaganda kituoni. Kila mmoja aliniinamishia kichwa kwa heshima. Mlango ukafunguka ukafungwa, ukafunguka ukafungwa. Viti vikabaki vitupu, na mzee mmoja aliyesinzia.

Miaka yote ile nilipokuwa nimefumba macho, ilikuwa hivi.

Nikamtazama Nestor. Naye alikuwa amefumbua macho, ananitazama. Sauti yake haikutetereka. Alikuwa amefika kwa wajane. Akaendelea kuomba, nami nikaendelea kupiga, tumetazamana hivyo hivyo mpaka akasema amina. Nikaacha.

Wakati nakunja waya nikamuuliza, "Mchungaji, inakuwaka vile kila juma?"

"Kila juma, ndugu yangu. Wana treni." Akachukua upande mmoja wa spika. "Gitaa likiwepo naweza kuomba mpaka mwisho. Lisipokuwepo nasikia mlango tu."

Nikashika upande wa pili, tukampita yule mzee kwa uangalifu tusimwamshe. Nje kulikuwa kunaanguka theluji ya maji. Tumepakia spika kwenye gari lake, tumerudi kumchukua mzee, Nestor katufikisha sote nyumbani.