Kigelegele cha Mama Hamido

Ancha, Hamido wetu amekuwa mkubwa! Yule uliyembeba mgongoni akakukojolea kanga mpya, leo ni mjumbe wa Asembleia, baraza la provinsia nzima, anakaa Pemba kwenye kiti kinachozunguka!

Haya, sasa nikusalimu kama mtu na akili zake. U hali gani huko Mucojo, mdogo wangu? Mguu umepoa? Shemeji hajambo, na watoto? Sisi hapa Mitundani miili ni mizima, tunamshukuru Mungu, ila moyo wangu hautulii.

Wewe uliolewa mbali, hukuyaona. Hamido alianza na jembe. Mpunga wake bondeni haukuwa na mfano, na mtu akikanyaga tuta lake alikuwa haondoki bila kusemwa. Wakulima wenzake wakamfanya msemaji wao. Gesi ilipopatikana baharini na magari yakaanza kumiminika Palma, watu wa partido, chama cha serikali, wakatafuta mtu wa kwetu anayejua kusimama mbele za watu. Nani mwingine? Darasa la saba tu, lakini Kireno chake, Ancha! Hata senyora Isabel wa hospitali, aliyekuja kutoka Maputo, alikisifu. Na tumbo lililomzaa ni hili.

Mwezi uliopita akaja na wageni wa gesi, pamoja na mkubwa mmoja wa Pemba, senyor Gilberto. Tuliketi kijiji kizima. Hamido akasimama, koti na tai kwenye jua lile, akamwaga Kireno mpaka jasho likamchuruzika. Sikuelewa kitu. Nilisikia tu Mitundani, Mitundani, nikajua anatusifu. Mama gani angevumilia? Nikainuka nikapiga kigelegele, kile kirefu cha arusi. Nawe unajua kwetu kigelegele hakiachwi peke yake: wanawake wote wakaitikia, ngoma ikaingia, watu wakacheza. Senyor Gilberto akapiga makofi, akatushukuru sana, wakapanda magari yao wakaenda.

Kumbe mwanangu alikuwa anatwambia tuhame.

Kijiji chote, Ancha. Watu wa gesi wanataka pwani yetu yote, watie ua. Tunapelekwa bara, kwenye nyumba za bati zilizopangwa mstari. Nikauliza, mimi pweza nitamchokoa wapi, kwenye mihogo? Wakubwa wakasema tulikwisha kubali siku ile, tena kwa shangwe. Jirani yangu Saide siku hizi akinipita ananiamkia, shikamoo mama wa serikali, hebu tupigie kingine, huenda wakatuhamishia na bahari. Wanawake wanacheka, halafu wananyamaza, na kule kunyamaza ndiko kunakoniuma.

Hamido alipokuja tena, peke yake, hata wali wa nazi hakuugusa. Nikamsihi arudi kwa wakubwa, awaambie mama yake hajui Kireno, alishangilia sauti ya mwanawe tu. Akasema alikwisha waambia, wakamcheka. Picha zimepigwa, watu wanaonekana wanacheza. Akasema, mama, mimi ni mdomo wao tu, mikono sina.

Basi nikamuuliza, mbona siku ile hukutusimamisha ukatwambia kwa lugha yetu? Akaniambia ndivyo walivyopatana, amalize Kireno kisha atufafanulie sisi na kutuuliza kama tunaridhia. Na siku tatu alikuwa halali kwa kuogopa saa hiyo. Nilipopiga kigelegele, Ancha, mwanangu alimshukuru Mungu moyoni. Aliona nimemwokoa.

Sikumlaani. Ningemlaani vipi? Nilimvua ile tai, nikamsogezea sahani tena, akala kidogo huku analia kama mtoto. Ni wangu. Na mpaka leo wakimtaja redioni naongeza sauti, Mungu anisamehe.

Makaburi ya baba na mama yatabaki ndani ya ua, na ukishafungwa hakuna atakayeingia. Hamido ametuombea siku moja tusome hitima pale, na amepewa. Wenzetu wa vijiji vingine hawakupata hata hiyo. Cheo nacho kina faida yake.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na huyo mchanga usimwache nyumbani, naye aonyeshwe babu zake walipolala. Ndugu wa Mbau nimekwisha waarifu. Mje wote, mkiwa na udhu, Alhamisi ya mwisho ya Shaabani.

Dada yako akupendaye,
Rachida, mama Hamido