Ratiba ya Hamoudi

Zeyana! Mbavu sina, natoka madrasa sasa hivi!

Si unajua kaka Hamoudi ndiye anayetuwakilisha Dunda kesho, kwenye maswali ya Sira na watu wa Msata? Mwezi mzima anachora ratiba ya kusoma. Rangi nne! Kaichana mara sita, eti haina uhalisia, haimpi nafasi ya kulala mchana.

Leo ustadhi akampima mbele za watu: "Mtume alihamia mji gani?"

Mji gani, Zeyana! Hata mtoto wa chekechea anajua!

Hamoudi akatoa ratiba mfukoni, akaikagua, akajibu kwa adabu: "Hijra ni ya Alhamisi, ustadhi. Leo Jumanne."

Ya Alhamisi!

Ustadhi akashusha pumzi. "Na kesho Jumatano, siku ya mashindano, umepanga nini?"

"Kupumzisha kichwa, ustadhi."